Sindano Hakuning'inia: Sehemu ya Kumi na Moja

"Hebu iweke chini hiyo patasi."

Ndiyo, hapo ndipo tulipoachana, na wiki nzima hamkunipa raha. Jamaa mmoja kanifuata mpaka kwa kinyozi. Nusu ya kichwa changu imenyolewa, nusu bado, na yeye kasimama mbele ya kioo ananibana: nani aliyesema maneno hayo? Nikamwambia asubiri gazeti kama wenzake. Haya, gazeti hilo mkononi mwako, kaka. Soma uniache.

Aliyeingia leo nampa kwa kifupi, wengine mtavumilia. Cheche ni fundi wa kuchomelea vyuma kwenye karakana iliyo nyuma ya uwanja wa klabu. Mdogo wake, Sindano, alikuwa kiungo wa miaka kumi na tisa, kijana mwembamba aliyekuwa akikupitisha mpira katikati ya miguu kisha anageuka kukuomba radhi kwa adabu zote: "Samahani, kaka." Barua ya kumwita timu ya taifa ya vijana ilifika siku nne baada ya kuzikwa.

Alikufa uwanjani, miezi miwili iliyopita, baada ya mwamba wa goli la mazoezi kung'oka na kumpiga shingoni. Klabu ikaandika hivi kwenye ripoti yake: "Marehemu alining'inia kwenye mwamba kwa utundu wake mwenyewe."

Mstari huo Cheche anaujua kwa moyo, na anataka ufutwe. Leo saa tatu asubuhi kamati ya chama cha mpira inakaa kuifunga ripoti, na ikishafungwa imefungwa. Ndiyo maana saa mbili na nusu alikuwa amepiga magoti ndani ya stoo ya klabu, mbele ya mwamba uliofichwa chini ya nyavu kuukuu, patasi mkononi. Na ndipo mlango ukajifunga nyuma yake.

Akageuka.

Alikuwa ni Mzee Chokaa, mtunza uwanja. Jina hilo alipewa kwa sababu miaka thelathini na moja yeye ndiye anayepiga mistari ya uwanja kwa chokaa, na suruali zake zote ni nyeupe kuanzia magotini kushuka. Ni yeye aliyetia saini kwamba alimwona Sindano akining'inia.

"Siweki chini," Cheche akasema. "Nipigie polisi ukitaka."

"Nani kakwambia napiga polisi? Nimesema uiweke chini kwa sababu unaishika vibaya, utajikata. Na usipige kelele. Katibu wa klabu ameagiza lori la vyuma chakavu. Linakuja saa tatu kuchukua hicho hicho unachokikwangua."

Cheche akatazama saa ya simu yake. Zilibaki dakika ishirini na mbili.

"Kwa hiyo umefunga mlango ili nisitoke."

"Nimefunga mlango ili yeye asiingie, binti. Funguo ninazo mimi."

Hapo Cheche akashusha patasi mpaka gotini, na mnamjua Cheche, si mtu wa kushusha kitu kirahisi.

Mzee akakaa juu ya ndoo ya chokaa. Bega lake la kulia lilikuwa limelala, kama kawaida yake. Mkono huo haupandi juu ya kifua tangu aanguke ngazini mwaka juzi.

"Hakuning'inia," akasema.

"Unasemaje?"

"Mdogo wako hakuning'inia. Alikuwa ananifungia nyavu. Mimi mkono haupandi, unaona mwenyewe. Kila asubuhi alikuja nusu saa kabla ya wenzake, ananifungia nyavu magoli yote manne, kisha anakwenda kubadilisha nguo kama vile hajafanya kitu. Asingefanya hivyo, klabu ingejua sifai tena, na chumba ninacholala kingepata mwenyewe mwingine. Siku ile alivuta kamba ya wavu ili ikaze. Mwamba ukaja."

"Na wewe ukatia saini kwamba alikuwa anacheza utundu!"

"Nikatia."

"Mzee mzima!"

"Mzee mzima, mwenye woga wa mtoto mchanga. Nitukane, nimestahili. Lakini tukana huku unafanya kazi, muda unakwenda."

Cheche hakumtukana. Hasira yake aliipeleka kwenye patasi. Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa pana jambo la mafundi, na ukiliruka hutaelewa kinachofuata.

Fundi hachomelei bomba moja kwa moja. Kwanza hulishikiza kwa doti nne, vitone vidogo vya chuma kilichoyeyuka, ili lisihame wakati anapima. Doti hazibebi uzito, zinashikilia tu. Karakana ya Fundi Koleo, aliyemfundisha Cheche kazi, ina sheria moja isiyovunjwa: kiungo chenye doti tu hupigwa msalaba wa chaki. Msalaba maana yake bado, usiguse. Kazi ikikamilika, msalaba unafutwa kwa kitambaa. Hata mbwa wa karakana anaujua.

Na jambo la pili: rangi ya mafuta haishiki juu ya chaki.

Cheche aliingiza ncha ya patasi chini ya rangi nyeupe, kwenye ncha ya mwamba, palipokuwa na kiungo. Rangi ikainuka ganda zima bila kubishana. Akaligeuza kiganjani. Kwa chini, kwenye upande uliolala juu ya chuma, palikuwa na msalaba wa chaki, kamili, kama umechorwa jana.

"Mungu wangu," Cheche akasema. "Walilibeba likiwa bado. Wakalipaka rangi juu ya msalaba!"

Alicheka. Nawaambia alicheka kwa sauti, mara ya kwanza tangu msiba. Akamkumbatia Mzee Chokaa na kumpaka vumbi la kutu. Ushahidi ndio huo. Ganda la rangi, jepesi kuliko jani, na linatosha kuwafunga midomo wote.

Kisha akapangusa chuma ili azione doti zenyewe.

Kicheko kikakatika.

"Nini tena?" mzee akauliza.

Cheche alikuwa anapitisha kidole juu ya doti mbili zilizobaki, nyingine mbili zikiwa zimechanika. Kila doti ilikuwa na kimkia, na kimkia kimelala upande wa kushoto. Ijumaa kabla ya goli hili kupelekwa uwanjani, karakana ilishikiza magoli mawili: moja Fundi Koleo, moja Cheche. Karakana nzima ina mtu mmoja tu anayeshika mashine kwa mkono wa kushoto.

"Ni zangu," akasema.

"Zako nini?"

"Doti, Mzee. Hili goli nililishikiza mimi. Nikapiga msalaba, nikafunga kazi mapema, nikaenda kumwangalia Sindano akicheza Jumamosi kwa sababu alinibembeleza. Jumatatu nikakuta goli halipo uani. Fundi Koleo akaniambia amelimalizia mwenyewe. Nikamwamini. Kwa nini nisimwamini? Ndiye aliyenifundisha!"

Wasomaji, mnaelewa alipokwama? Akitoa ule mwamba mbele ya kamati, mstari wa mdogo wake utafutika. Lakini kamati itauliza doti ni za nani. Na fundi aliyeua mtu kwa kazi mbovu haendi nyumbani kunywa chai.

"Tuurudishe chini ya nyavu," Mzee Chokaa akanong'ona. "Sijaona kitu. Lori linakuja, linaondoka nao, na wewe una miaka yako mbele. Hata yeye angekwambia hivyo."

"Yeye angeniambia nini? Unamjua kunishinda?"

"Basi nikuambie alichosema, kwa sababu nilikuwepo." Mzee akajifuta uso. "Jumapili lile goli lililetwa na vijana wanane, mabegani. Mmoja wao alikuwa yeye. Walipolitua akaona alama. Akamwambia Katibu: 'Hili bado. Kwa dada yangu msalaba maana yake bado.' Katibu akamjibu: 'Nimetoka kuongea na dada yako sasa hivi. Kamaliza, kasahau kufuta tu.'"

"Hajawahi kuongea na mimi! Sikuwa hata na namba yake!"

"Najua. Lakini mdogo wako akacheka. Akasema, 'Kama dada kamaliza, hapo hata tembo aning'inie.' Neno hilo la kuning'inia, Katibu alilitoa hapo."

Jamani. Mimi mwenyewe nilipofika hapa niliweka kalamu chini nikaenda kunywa maji.

Cheche alilia. Hakulia sana, dakika moja hivi, mgongo ukiwa ukutani. Kisha akafuta kamasi kwa kiganja cha glovu, akabaki na mstari mweusi kutoka puani mpaka sikioni, na akasema maneno mawili:

"Shika upande."

"Upande gani?"

"Wa huko. Tunaubeba."

Papo hapo mlango ukagongwa.

"Mzee Chokaa!" Ilikuwa sauti ya Katibu, tamu kama kawaida yake. "Fungua, lori limewahi."

"Funguo sizioni, Katibu!"

"Huzioni vipi, na wewe uko ndani?"

Swali zuri, lazima tukiri. Mzee akakohoa ili apate muda. "Nimejifungia kwa bahati mbaya! Zimedondokea kwenye chokaa!"

"Umejifungia..."

"Natafuta! Natafuta!" Na akaanza kupiga ndoo teke huku akiwa tayari ameshika ncha ya mwamba kwa mkono wake mzima.

Dirisha la nyuma la stoo ni dogo, lakini bomba halihitaji nafasi. Mwamba ulitangulia kutoka, mita tano zote, ukifuatwa na Cheche. Mzee Chokaa alikuja mwisho, makalio kwanza, akilalamika kwamba umri wake si wa madirisha. Wakauweka mabegani, yeye bega la kushoto, Cheche la kulia. Wakakata uwanja katikati, juu ya mistari aliyoipiga mwenyewe alfajiri ile. Chokaa ikawachafua miguu na mzee hata hakuangalia.

Ukumbi wa klabu uko chini ya jukwaa kuu. Una feni inayolalamika, kabati la vikombe, viti vya plastiki vilivyopasuka migongo. Juu ya meza waliweka picha ya Sindano na maua ya bandia. Mwenyekiti wa kamati, mama mtu mzima mwenye miwani ya mnyororo, alikuwa katikati. Pembeni, kwenye viti vya mashahidi, alikaa Fundi Koleo, kofia mapajani. Na mstari wa mbele alikaa mama yake Cheche.

Mama huyu mnamjua. Tangu msiba hatembei bila daftari la rambirambi kwapani, lile ambalo waombolezaji waliandika majina yao. Bado ana hasira na mtu aliyechana ukurasa wa mwisho wa daftari hilo. Ameshawashuku watoto wa jirani, shemeji yake, hata mbuzi.

Katibu aliingia akihema kidogo, tai imepinda. Lori alikuwa ameliacha pale stoo, akiamini mzee bado anachakura kwenye chokaa. Akaisoma ripoti kwa sauti ya mtu anayesoma dua. Alipofika kwenye ule mstari hakupunguza mwendo. Kisha akatangaza habari njema: klabu itaanzisha Kombe la Sindano kwa vijana. Kombe zuri, kombe la kila mwaka, kombe litakalodumisha jina. Akamsogezea mama karatasi.

"Weka saini hapa tu, mama, kwamba umeisikia ripoti na umeikubali."

Mama akaitazama kalamu kama inanuka.

"Baba," akasema, "kombe umelitaja mara saba. Mwanangu umemtaja mara moja, na hiyo moja umemtukana. Sisaini."

"Mama, ni utaratibu tu..."

"Utaratibu mpelekee mama yako."

Minong'ono ikaanza. Mwenyekiti akagonga meza. Ndipo mlango ukafunguka na ncha ya chuma ikaingia, ikaendelea kuingia, mita baada ya mita, mpaka watu wa mstari wa nyuma wakainamisha vichwa. Mbele alikuwa Mzee Chokaa, na mwisho wa chuma Cheche, uso umejaa kutu.

Katibu alisimama ghafla mpaka kiti chake kikaanguka. "Nani kamruhusu huyu? Hiyo ni mali ya klabu!"

"Ndiyo hiyo hiyo iliyoniulia mdogo wangu," Cheche akasema. "Mwenyekiti, naomba ukucha wako."

"Ukucha wangu?"

"Ncha hii nimeibandua mimi, na ganda lake hili hapa. Ncha ile sijaigusa. Ibandue mwenyewe, wasije wakasema nimechora."

Mwenyekiti alisitasita. Kisha akainuka, akavaa miwani, akaingiza ukucha chini ya rangi. Ikabanduka kwa urahisi. Akaligeuza ganda. Ukumbi mzima uliuona msalaba.

Cheche akaeleza maana yake. Hakutumia maneno mengi. Mzee Chokaa akafuata, akaeleza nyavu, bega lake, na yale maneno ya Jumapili, yote, hadi la tembo. Alipomaliza akasema, "Na ile saini yangu ya kwanza ni ya uongo. Chumba changu mnaweza kukichukua. Godoro ni langu."

Mama alikuwa ameziba mdomo kwa daftari.

Lakini Katibu hakupata cheo kile kwa kulala. Alikuwa ameinua kiti chake na kukaa, na sasa alitabasamu.

"Dada yetu," akauliza taratibu, "na hizo doti ni za fundi gani?"

Fundi Koleo, kule kwenye kiti chake, alimtikisia Cheche kichwa: usiseme. Alitikisa tena.

"Zangu," Cheche akasema.

"Mmesikia!" Katibu akaruka juu. "Mmesikia kwa kinywa chake! Aliyeua ni yeye, na anakuja kutupakazia sisi!"

"Ni zangu, na nilizipigia msalaba. Uliyelibeba ni wewe."

"Nililibeba likiwa limekamilika! Fundi mkuu alinikabidhi kwa maandishi." Akatoa karatasi mfukoni, akaikunjua mbele ya Mwenyekiti. "Tarehe tatu, Jumapili, siku sita kabla ya ajali. 'Goli limekamilika na limekabidhiwa.' Saini ya Fundi Koleo. Kama msalaba ulisahaulika kufutwa, si juu yetu."

Cheche akamgeukia mzee aliyemfundisha kazi. "Fundi?"

Fundi Koleo alikuwa anaangalia kofia yake.

"Fundi, saini ni yako?"

"Saini ni yangu, mwanangu."

Basi, kwisha. Mimi mwenyewe ningekuwa kamati ningefunga mafaili. Mwenyekiti aliinua karatasi ile ili aisome vizuri kwenye mwanga wa dirisha.

Na mama akasimama.

"Hebu nione huo wino."

"Mama, kaa chini tafadhali," Katibu akasema.

"Wino wa kijani," mama akaendelea, anasogea. "Kwangu msibani kulikuwa na kalamu moja tu, ya jirani yangu mwalimu, ya kusahihishia madaftari. Ya kijani. Niliifunga uzi isiibiwe." Akafungua daftari lake juu ya meza. Ukurasa kwa ukurasa, majina, salamu, Mungu amlaze, zote za kijani. Akafika mwisho, palipochanika, pamebaki meno ya karatasi karibu na uzi. "Nipe hiyo."

Mwenyekiti akampa.

Mama aliilaza ile karatasi ya makabidhiano kando ya mchaniko. Akaisogeza kidogo kwa kidole, juu, chini, polepole, jinsi anavyolinganisha vitambaa kabla ya kushona. Meno yakaingia kwenye meno. Mistari ya bluu ya daftari ikaungana, mmoja mmoja, bila kupishana.

"Siku sita kabla ya ajali," mama akasema. "Kwenye daftari la msiba wake."

Mwenyekiti akainamia mchaniko ule.

"Nilisaini siku ya mazishi," Fundi Koleo akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetua mzigo. "Nyuma ya nyumba yenu, mkiwa makaburini. Jumapili ile Katibu alinipigia simu, anataka goli haraka, kuna ukaguzi Jumatatu. Nikasema chukua, nitakuja kuchomelea hapo hapo uwanjani. Jumatatu nikaja na mashine. Akanirudisha getini: limeshakaguliwa, lina muhuri, usiliguse. Nikaona aibu kukwambia, nikakudanganya. Kijana alipokufa, Katibu akanifuata na ukurasa huu. Akasema doti ni za Cheche, bila saini yangu atafungwa Cheche. Nilisaini kwa ajili yako, mwanangu."

Mlidhani Cheche atamkumbatia? Hamumjui.

"Kwa ajili yangu!" akapiga kelele. "Mkamuuza aliyekufa ili mniokoe mimi? Nani aliwatuma? Miezi miwili watu wananiambia mdogo wangu alijitakia, watoto wanamwimba barabarani, mama yangu hatoki kwenda sokoni, na wewe kila asubuhi unanipa glovu unaniuliza nimelalaje!"

Machozi ya Fundi Koleo yalikuwa yanaingia kwenye ndevu.

Mwenyekiti akavua miwani, akaivaa tena. "Binti, mstari ule nitaufuta," akasema. "Lakini nikifuta sababu ya kifo, lazima niandike nyingine mahali pake. Niandike nini?"

Cheche hakungoja aandikiwe. Alivuta ripoti mbele yake, akashika kalamu kwa mkono wa kushoto. Alikata ule mstari mara moja tu, kwa nguvu, mpaka karatasi ikachanika kidogo. Chini yake akaandika huku akisoma kwa sauti ili nyuma wasikie:

"Sindano hakuning'inia. Alikuwa anamfungia mzee nyavu. Goli lilikuwa bado. Doti ni zangu, mimi dada yake, na sizikani."

Akaweka saini. Kisha akaisukuma kalamu mpaka ikagusa vidole vya Katibu.

"Sasa wewe. Andika lako chini ya langu."

Katibu aliitazama kalamu. Jasho lilikuwa limemfika kwenye kola. Na hapo, jamani, akafanya kitu ambacho hakuna aliyekitarajia. Akacheka.

"Naandika," akasema. "Kwa nini nisiandike? Lakini nikishika hii kalamu sitaandika jina moja. Mnasema goli lilikuwa bado. Sawa. Basi muulizeni Mwenyekiti wenu ni nani aliyelikagua Jumatatu, akaligongea muhuri bila kushuka kwenye gari."

Vichwa vyote viligeukia meza kuu.

Mwenyekiti alikuwa ameshafunga faili. Mikono yake ilikusanya karatasi haraka, ripoti, ganda la rangi, hata daftari la mama, vyote kwenye mkoba mmoja.

"Kikao kimeahirishwa," akasema. "Tutawajulisha kwa barua."

Akaelekea mlangoni. Lakini mama alikuwa amemtangulia. Alimwonyesha Cheche mwamba kwa kidevu, Cheche akaelewa, Mzee Chokaa naye akaelewa. Wakauburuta mwamba sakafuni, ukalia vibaya, wakaulaza kukata mlango kutoka ukuta hadi ukuta. Mama akakusanya gauni lake na kukaa juu yake, katikati kabisa, mahali ambapo rangi ilikuwa bado ina kovu la siku ile. Akanyoosha mkono.

"Daftari langu," akasema.

Mwenyekiti alirudi hatua moja, akaubana mkoba kifuani.

Mama akainua uso kumtazama, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akatabasamu, tabasamu ambalo uwanja mzima ulikuwa unalijua, lile la mtu aliyekwisha kukupitisha mpira katikati ya miguu.

"Samahani, dada," akasema. "Hapa hapiti mtu."